Rangi Iliyofichika: Somo la Urithi Kutoka kwa Kasuku Wadogo wa Australia

Wafugaji wa kasuku wadogo hupatwa mara kwa mara na mshangao mmoja. Dume wa kijani na jike wa kijani huwekwa katika tundu moja, mbali na ndege wengine wote. Jike hutaga, huatamia, na makinda matano huanguliwa. Manyoya yanapoota, wanne huonekana ni wa kijani na mmoja ni wa buluu. Mfugaji asiyeifahamu elimu ya urithi huanza kutafuta mkosaji: pengine jike aliwahi kukutana na dume mwingine kabla ya kuuzwa, au mtu alibadilisha yai, au chakula kilikuwa kibaya. Kumbe hakuna mkosaji. Kinda huyo wa buluu ni mtoto halali wa wazazi wake, na rangi yake ilikuwamo ndani ya wote wawili, imefichika.

Makala hii inaeleza jinsi rangi inavyoweza kufichika na kujitokeza tena, na jinsi ya kuikadiria kwa hesabu. Sheria inayowahusu ndege hao inawahusu pia binadamu, na kutoifahamu kumeziletea familia nyingi majonzi yasiyo ya lazima.

NDEGE MWENYEWE

Kasuku huyu, ambaye jina lake la kisayansi ni Melopsittacus undulatus, ni mwenyeji wa nyika kavu za Australia. Huko huruka kwa makundi makubwa akifuata maji na mbegu za majani, na hutaga katika mashimo ya miti. Urefu wake ni sentimita 18 hivi. Porini ana rangi ya kijani kifuani na tumboni, manjano usoni, na michirizi myeusi mgongoni na mabawani. Mwaka 1840 John Gould, mtaalamu wa ndege wa Uingereza, alirudi kwao kutoka Australia akiwa na kasuku hao wakiwa hai, na baadaye ufugaji wao ukaenea Ulaya. Humo vizimbani ndimo rangi nyingine zilimohifadhiwa na kuongezwa. Ndege wa buluu walijitokeza Ubelgiji karibu na mwaka 1880.

Kwa somo la urithi, ndege huyu ana manufaa makubwa. Huweza kuzalishwa akifikisha umri wa mwaka mmoja hivi. Hutaga mayai 4 hadi 6, kwa kawaida yai moja kila siku ya pili, na kila yai huanguliwa baada ya siku 18 hivi za kuatamiwa. Makinda hutoka katika kisanduku cha kutagia wakiwa na umri wa wiki tano hivi. Hivyo kizazi kimoja huweza kuhesabiwa katika muda mfupi.

KIJANI HUTENGENEZWAJE?

Jambo la kwanza la kushangaza ni kwamba hakuna rangi ya kijani ndani ya unyoya wa kijani, wala hakuna rangi ya buluu ndani ya unyoya wa buluu. Unyoya wa kasuku huyu una vitu vitatu. Tabaka la nje lina rangi ya manjano iitwayo sitakofulvini. Chini yake kuna tabaka la keratini lenye vijitundu vidogo mno, mfano wa sifongo, ambalo hurudisha zaidi sehemu ya buluu ya mwanga. Ndani kabisa kuna chembe nyeusi za melanini, ambazo humeza mwanga uliobaki. Buluu inayotoka ndani inapopita katika manjano ya nje, jicho huona kijani.

Kutokana na vitu hivyo, rangi nne kuu huelezeka kwa urahisi:

1. Manjano ipo na melanini ipo: ndege ni wa kijani.
2. Manjano haipo na melanini ipo: ndege ni wa buluu.
3. Manjano ipo na melanini haipo: ndege ni wa manjano, mwenye macho mekundu.
4. Vyote viwili havipo: ndege ni mweupe, mwenye macho mekundu.

Katika hali ya tatu na ya nne, sifongo ya keratini ingalipo. Lakini kwa kukosa weusi nyuma yake, mwanga wa kila namna hurudi pamoja na buluu haionekani. Mwanafunzi anaweza kulithibitisha jambo hili kwa kuokota unyoya wa buluu uliodondoka tunduni. Akiuweka juu ya karatasi nyeusi, buluu itang'aa. Akiuinua mbele ya dirisha ili mwanga upite katikati yake, buluu itatoweka na unyoya utaonekana wa kahawia au kijivu.

JENI MBILI KWA KILA SIFA

Kila kiumbe azaliwaye kwa baba na mama hupokea jeni mbili za sifa kama hii, moja kutoka kwa kila mzazi. Gregor Mendel aligundua kanuni hiyo kwa kuhesabu njegere katika bustani ya watawa mjini Brno, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1866. Tuandike K kwa jeni iwezeshayo kutengeneza manjano, na k kwa jeni iliyoharibika ambayo haiwezi kazi hiyo. Ndege mwenye KK ni wa kijani. Ndege mwenye Kk ni wa kijani vilevile, kwa sababu jeni moja nzima yatosha kufanya kazi. Mwenye kk peke yake ndiye wa buluu. Husemwa kwamba K ni jeni tawala na k ni jeni fiche. Ndege mwenye Kk huitwa mbebaji: hubeba buluu asiyoionyesha.

Mwaka 2017 wanasayansi wa Marekani walitangaza kwamba wameitambua jeni hiyo. Huelekeza utengenezaji wa kimeng'enya kinachohusika na manjano, na katika ndege wa buluu kiungo kimoja tu cha kimeng'enya hicho, yaani asidi-amino moja, kimebadilika. Walipoitia jeni nzima ya kasuku katika hamira, hamira nayo ikatengeneza rangi ya manjano.

Sasa wale wazazi wawili wa kijani wanaeleweka. Wote wawili walikuwa Kk. Nusu ya mbegu za dume zina K na nusu zina k, na mayai ya jike ni hivyo hivyo. Miungano minne ina nafasi sawa: KK, Kk, kK na kk. Kwa hiyo kila kinda ana nafasi 3 katika 4 za kuwa wa kijani, na nafasi 1 katika 4 za kuwa wa buluu. Miongoni mwa makinda wa kijani, kwa wastani wawili katika kila watatu ni wabebaji.

KUMPIMA NDEGE KWA WATOTO WAKE

Hapa wanafunzi wengi hukosea. Hudhani kwamba nafasi 1 katika 4 maana yake ni kuwa kila makinda wanne lazima awepo mmoja wa buluu. Sivyo. Kila yai huanza hesabu upya, kama sarafu isiyokumbuka ilivyoanguka mara ya kwanza. Wabebaji wawili wakipata makinda watano, nafasi ya wote kuwa wa kijani ni 3/4 ikizidishwa yenyewe mara tano, yaani 243/1024, karibu asilimia 24. Hivyo makinda watano wa kijani hawathibitishi kwamba wazazi wao hawakubeba buluu.

Njia bora ni kumpandisha ndege wa kijani anayechunguzwa na ndege wa buluu. Kwa kuwa wa buluu hutoa k peke yake, siri ya mwenzake haina pa kujificha. Ikiwa anayechunguzwa ni KK, makinda wote watakuwa wa kijani. Ikiwa ni Kk, kila kinda ana nafasi ya nusu kuwa wa buluu. Akitokea mmoja tu wa buluu, jambo limethibitika. Wakitokea watano na wote ni wa kijani, mbebaji angeweza kufanya hivyo mara 1 tu katika 32. Wakifika kumi, mara 1 katika 1,024. Uthibitisho huongezeka kadiri hesabu inavyoongezeka, lakini haufiki kamwe kwenye uhakika kamili. Hilo nalo ni fundisho la kisayansi.

RANGI INAYOFUATA JINSIA

Jeni ya melanini inayozungumzwa hapa hurithiwa kwa njia nyingine, kwa maana imo katika kromosomu ya jinsia. Katika ndege, dume ana kromosomu Z mbili, na jike ana Z moja na W moja. Ni kinyume cha binadamu, ambako mwanamume ndiye mwenye kromosomu mbili zisizofanana. Tuandike M kwa jeni nzima na m kwa jeni fiche izuiayo melanini. Jeni hiyo imo katika Z. Katika W haimo.

Basi dume anaweza kuwa MM, Mm au mm, na aliye Mm ni mbebaji asiyejulikana kwa sura. Jike ana jeni moja tu ya sifa hiyo. Akiwa na M ana melanini, akiwa na m hana; hawezi kubeba kwa siri. Dume Mm akipandishwa na jike mwenye M, kwa wastani nusu ya watoto wa kike watakosa melanini. Watoto wote wa kiume watakuwa nayo, ingawa nusu yao ni wabebaji. Mfugaji anayeona kwamba makinda wake wote wenye macho mekundu ni majike hana sababu ya kushangaa.

KUTOKA KWA NDEGE HADI KWA BINADAMU

Neno ualbino hutumika kwa ndege na kwa watu, lakini mwanafunzi asidhani kwamba njia ya urithi ni moja. Ualbino ulio wa kawaida zaidi kwa watu wa Afrika hutokana na jeni iliyo katika kromosomu ya 15, ambayo si ya jinsia. Huwapata wavulana na wasichana sawasawa. Katika kasuku wetu, mfano unaofanana nao si ule wa ndege mweupe, bali ule wa ndege wa buluu. Wazazi wawili wenye ngozi nyeusi, ambao kila mmoja ni mbebaji, wana nafasi 1 katika 4, kwa kila mimba, ya kupata mtoto mwenye ualbino.

Wabebaji hao si wachache. Kwa makadirio yanayotajwa mara nyingi, nchini Tanzania mtu 1 katika kila 1,400 hivi ana ualbino. Kipeuo cha pili cha 1,400 ni 37 hivi, na kwa kanuni ya Hardy na Weinberg wabebaji hukaribia 2 katika 37, yaani mtu 1 katika kila 19. Katika darasa la wanafunzi 40, ni jambo la kutarajiwa kuwa wawili ni wabebaji wasiojijua.

Yapo majumba ambamo mtoto wa namna hiyo anapozaliwa, mama hushutumiwa kwamba si mwaminifu, au kwamba ameleta laana. Katika miaka ya 2000 na baada yake, watu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo nchini Tanzania na katika baadhi ya nchi jirani kwa sababu ya imani za kishirikina. Hesabu ya jeni inasema wazi: kwa kawaida mtoto huyo amepokea jeni moja kutoka kwa mama na moja kutoka kwa baba. Kuzaliwa kwake si ushahidi wa uzinzi. Mahitaji yake ni kinga ya jua kwa ngozi yake, msaada wa kuona ubaoni, na heshima iliyo haki ya kila mtu.

KAZI YA DARASANI

Shule inayoweza kufuga iwape ndege tundu pana lenye nafasi ya kuruka, kisanduku cha mbao chenye tundu la kuingilia, maji safi kila siku, uwele au ulezi, na majani mabichi yaliyooshwa. Kila ndege aandikwe katika daftari: wazazi wake, tarehe ya kuanguliwa, rangi na jinsia. Ndugu wasipandishwe wao kwa wao, kwani jeni fiche zenye madhara hukutana kwa urahisi zaidi katika ukoo mmoja. Aidha, ndege hao si wa nchi hii, na wasiachiwe porini.

Shule isiyo na ndege itumie mifuko miwili, kila mmoja ukiwa na punje 20 za maharage mekundu (K) na 20 meupe (k). Mwanafunzi atoe punje moja katika kila mfuko bila kutazama, aandike jozi aliyoipata, kisha azirudishe. Baada ya mara 100, jozi zenye nyeupe mbili zitakaribia 25.

MASWALI

1. Dume wa buluu na jike wa kijani wamepata makinda 3 wa kijani na 3 wa buluu. Jike ana jeni gani?
2. Dume wa manjano mwenye macho mekundu amepandishwa na jike wa kijani. Makinda wenye macho mekundu watakuwa wa jinsia gani?
3. Dume wa kijani mwenye Kk na Mm amepandishwa na jike wa buluu mwenye M. Kila kinda ana nafasi gani ya kuwa mweupe?

MAJIBU

1. Kk.
2. Majike wote watakuwa na macho mekundu. Madume wote watakuwa na melanini, na kila mmoja wao ni mbebaji.
3. Nafasi ya kk ni 1/2. Nafasi ya kuwa jike mwenye m ni 1/4. Kwa pamoja ni 1/8. Kila kinda mweupe atakuwa jike.