Mbwa Anaisha Manyoya: Angalia Ngozi Kabla ya Kutafuta Dawa



Tukipita mashambani kando ya Lukuga, kikao ni juu ya mihogo na mahindi. Kisha kikao, mtu anakuja pembeni: «Agronomu, imbwa yangu inaisha manyoya, nifanye nini?» Mbwa ndiye anafukuza nyani shambani, basi swali si dogo.

Kwanza angalia manyoya yanatokea wapi. Yakianzia ncha za masikio, viwiko na tumbo, na mbwa anajikuna mchana na usiku, ni upele. Mdudu wake haonekani kwa macho, anachimba ndani ya ngozi na kutaga mayai humo. Sugua ncha ya sikio kwa vidole: mguu wa nyuma ukianza kukuna hewa, karibu hakika ni huo. Yakitoka kiunoni karibu na mkia, tafuta viroboto. Jike aliyezaa juzi anapukutika pia. Mwongezee ndakala kwenye bukari, yatarudi.

Upele wa mbwa unawasha hata watoto wanaolala naye. Lakini mdudu huyo hazai kwa mtu: mbwa akipona, nao wanapona. Mtoto akiendelea kujikuna, apelekwe kituo cha afya, kwa sababu upele wa watu ni mwingine.

Sasa dawa. Mafuta ya moteri yaliyotumika, tuache kabisa! Mbwa anayalamba, na ni sumu. Ivermektini ya asilimia 1 inatibu, ila chupa ile imepimwa kwa ng'ombe: mililita 1 kwa kilo 50. Mbwa wa kilo 10 anahitaji mililita 0,2 tu, chini ya ngozi, na kurudia kisha siku 14. Nimeona mtoto wa mbwa wa kilo mbili amepigwa sindano nzima ya mililita 5. Alitetemeka, akatoa mate, asubuhi akafa. Mwenyewe alikuwa anampenda, alipima kwa macho tu.

Basi tumia mizani ya mahindi: jipime ukiwa umembeba mbwa, kisha jipime peke yako, toa. Mfunge mdomo kwa kitambaa. Watoto wa mbwa waachie munganga wa mifugo. Mbwa wote wa lupango watibiwe siku moja, na gunia wanalolalia lichomwe siku hiyo hiyo, la sivyo kisha mwezi mtaniita tena.