Kiambishi tu- katika “Pamoja Tulinde Maisha”: kusoma machapisho ya Profesa Muyembe

Kila mwaka, katika somo la tafsiri, ninaandika ubaoni maneno matatu: Pamoja Tulinde Maisha. Kisha ninawauliza wanafunzi yametoka wapi. Wengi hujibu kanisani, wengine kwenye kampeni ya chanjo, na mwaka mmoja msichana alisema kwa uhakika kabisa kwamba ni jina la chama cha akiba cha akina mama wa mtaani kwao. Bado sijapata anayejibu kwamba yamechapishwa katika The New England Journal of Medicine, jarida ambalo madaktari wa dunia nzima hulisoma.

Ndivyo ilivyo. Tarehe 20 Novemba 2018, wakati Ebola ilipokuwa ikisambaa Kivu Kaskazini na huku kwetu Ituri, jaribio la dawa nne lilianza kupokea wagonjwa katika vituo vya Mangina, Beni, Butembo na Katwa. Jaribio lilipewa jina la PALM, kutokana na Pamoja Tulinde Maisha. Herufi zimechaguliwa kwa ujanja kidogo: PA ya pamoja, L iliyochomolewa katikati ya tulinde, M ya maisha. Wagonjwa 681 walishiriki. Tarehe 9 Agosti 2019 lilisimamishwa mapema kwa sababu matokeo yalikuwa yamejionyesha: katika siku 28, kati ya waliopewa ZMapp walikufa asilimia 49.7, remdesivir asilimia 53.1, mAb114 asilimia 35.1 na REGN-EB3 asilimia 33.5. Tangu hapo wagonjwa wote waliobaki walipewa mojawapo ya dawa mbili za mwisho.

Makala yenyewe inamweleza msomaji asiyejua Kiswahili kwamba jina hilo maana yake ni “Together Save Lives”. Hapa ndipo somo letu linapoanza, maana tafsiri hiyo imepoteza vitu vitatu. Kwanza, kulinda si kuokoa. Anayeokoa amekuta mtu tayari majini. Anayelinda alikuwa pale kabla. (Sokoni Bunia wengi tungesema “tuchunge”, lakini maana ni ileile.) Pili, pamoja ni kielezi chenye ngeli ya mahali ndani yake: pa-moja, mahali pamoja. Tatu, na hili ndilo linalonihangaisha, tu- imetoweka kabisa. Tulinde ni kiambishi cha nafsi ya kwanza wingi, mzizi -lind-, na kiishio -e cha hali tegemezi. Ni sisi tunaohimizana. Katika Kiingereza kile imebaki amri isiyo na mtu. Mwanafunzi wangu mmoja alipoipeleka kwenye Kifaransa, “Protégeons ensemble la vie”, sisi tulirudi mara moja, kwenye kiishio -ons.

Lakini sisi ni nani? Kimalei kina maneno mawili: kita, sisi pamoja na wewe unayesikia, na kami, sisi bila wewe. Kiswahili hakitofautishi. Tu- yetu inaweza kumkaribisha msikilizaji au kumwacha mlangoni, na sarufi haitasema lolote. Ili kujua, inabidi tuangalie nje ya sentensi. Mimi niliangalia orodha za majina ya waandishi katika makala za mtu mmoja, Profesa Jean-Jacques Muyembe-Tamfum, ambaye ameongoza Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Kibayolojia ya Kinshasa, INRB, tangu mwaka 1998.

Muyembe alizaliwa mwaka 1942, akasomea udaktari Lovanium, kisha akapata udaktari wa falsafa katika elimu ya virusi huko Leuven, Ubelgiji. Mwaka 1976 alitumwa Yambuku, katika Ikweta ya zamani, kuangalia ugonjwa uliokuwa ukiua watu hospitalini kwa wamisionari. Alichukua damu za wagonjwa bila glovu; amesimulia mara nyingi jinsi damu ilivyoendelea kutiririka pale alipochoma sindano, naye akanawa kwa maji na sabuni. Alimshawishi mtawa mmoja mgonjwa wasafiri hadi Kinshasa. Damu ya mtawa huyo ikapelekwa Antwerp ndani ya chupa ya chai, ile ya kutunza baridi na joto, na baadaye sampuli zikafika Uingereza na Marekani.

Tarehe 12 Machi 1977 jarida la The Lancet lilichapisha makala tatu kwa pamoja: moja ya Johnson na wenzake wa Atlanta, moja ya Bowen na wenzake wa Porton Down, moja ya Pattyn na wenzake wa Antwerp. Jina la Muyembe halimo katika hata moja. Mtu anaweza kujibu kwamba desturi ya wakati ule ilikuwa maabara iliyotenga virusi ndiyo inayotia sahihi, na jibu hilo si la kipuuzi. Ila desturi nayo ina kauli yake ya kisarufi. Tukisema “virusi vya Ebola viligunduliwa mwaka 1976”, tumetumia kauli ya kutendwa bila mtenda, na sentensi imekamilika, haidai kitu. Kiswahili kinaturuhusu kuongeza “na” kisha jina. Kwa zaidi ya miaka arobaini waliosoma vitabu vya shule walipofika kwenye hiyo “na”, jina lililofuata lilikuwa la Mzungu.

Hapa lazima nieleze hesabu ya marejeleo, kwa kuwa wenzetu wa sayansi hupandishwa cheo kwayo na sisi wa lugha tumeanza kuulizwa vilevile. Makala mpya inapotaja makala ya zamani, ya zamani imehesabiwa mara moja. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch alipendekeza kipimo kinachoitwa h: mtafiti mwenye h ya 20 ana makala 20 ambazo kila moja imerejelewa angalau mara 20. Ni kipimo chepesi, na ndiyo maana kinapendwa. Kinapima deni linalolipwa kwa majina yaliyoandikwa daftarini. Aliyebeba damu kutoka Yambuku, kwa makala zile tatu, analipwa sifuri, na kila anayezirejelea leo anaongeza sifuri nyingine juu yake. Hakuna aliyekosea hesabu.

Kosa hilo, kama ni kosa, lilianza kusahihishwa Kikwit mwaka 1995. Muyembe na madaktari wa huko waliwapa wagonjwa wanane damu ya watu waliopona, na saba wakaishi. Makala ilitoka mwaka 1999, jina la kwanza Mupapa, Mkongo. Wakosoaji walisema, na walikuwa na haki, kwamba wanane ni wachache mno, na kwamba huenda walipona kwa sababu ya matunzo mazuri zaidi. Wazo lakini halikufa. Mwaka 2006 damu ya mmoja wa manusura wa Kikwit ilichukuliwa tena, na watafiti wa Marekani na Uswisi wakatoa ndani yake kingamwili moja. Makala ya Corti na wenzake katika Science mwaka 2016 ina Muyembe katika orodha. Kingamwili hiyo ndiyo mAb114, ileile ya asilimia 35.1, iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2020 kwa jina la Ebanga.

Sasa turudi kwenye makala ya PALM ya mwaka 2019. Jina la kwanza ni Sabue Mulangu, wa INRB. Jina linalofunga orodha ya mbele, kabla ya lile kundi refu la waandishi wengine, ni Muyembe-Tamfum. Katika sayansi za tiba nafasi hizo mbili ndizo zenye uzito: wa kwanza amefanya kazi, wa mwisho ameiongoza. Kati yao wamo Wamarekani na wengine. Mwaka uleule Muyembe alitangaza kwamba sampuli za Kongo zitabaki Kongo na utafiti wake utafanyiwa nchini. Mwaka 2021 Eddy Kinganda-Lusamaki na wenzake walieleza katika Nature Medicine jinsi jenomu za virusi vya mlipuko wetu zilivyosomwa humuhumu nchini, Katwa ikiwa mojawapo ya mahali. Mahali pamoja, kwa maana ya ngeli kabisa. Chupa ya Antwerp haikuhitajika.

Niseme pia neno juu ya “na wenzake”, tunayoitumia kutafsiri et al. Kilatini kinasema tu “na wengine”. Kiswahili kimemfanya wa kwanza kuwa na wenzi, mwenz-ake, na hao wengine wakawa wenzi wa huyu mmoja. Inapendeza, lakini inaficha hata zaidi, kwa sababu wenzi huonekana kama wameridhika. Katika insha za kitivo ninaomba wanafunzi, pale orodha ni fupi, waandike majina yote. Wananung'unika kwa ajili ya nafasi. Ninawaacha wanung'unike.

Na bado tu- haijafika mwisho wake. Mgonjwa wa Mangina hakujiunga na jaribio mpaka yeye au ndugu yake alipoelezwa na kukubali, na maelezo hayo hayawezi kutolewa kwa lugha ya jarida. Mtu alipaswa kupata neno la “kura ya bahati itakayochagua dawa yako” ambalo mama mwenye homa angelielewa na asidhani ni kamari. Mimi nimefanya kazi ya namna hiyo, si kwa PALM, kwa kundi jingine ambalo sitalitaja. Tulibishana siku mbili juu ya neno “ridhaa”, ambalo mashambani wengi hawalijui. Tukaishia na “nimekubali kwa moyo wangu”. Makala ilipotoka niliisoma hadi mstari wa shukrani. Kulikuwa na sentensi moja kuhusu sisi: fomu zilitafsiriwa kwa Kiswahili.

Zilitafsiriwa. Niliiandika ubaoni wiki iliyofuata, chini ya yale maneno matatu, na nikawaambia wanafunzi watafute mtenda.