Oda ndogo ya spea ikikataliwa nje, anza na ECCN

Natengeneza mitambo ya viwanda vidogo hapa Dar es Salaam, vya maziwa, juisi na sabuni. Spea nyingi zinapatikana Gerezani. Zisizopatikana naziagiza Marekani au Ujerumani, moja moja, na mara nyingi thamani yake haifiki hata dola mia. Mafundi wanaoagiza hivi wanalijua jibu la wauzaji: kwa sababu ya sheria za kusafirisha bidhaa nje, hatuuzi nchini kwako. Wakishalisoma wanakata tamaa, wakidhani Marekani imeiwekea Tanzania vikwazo vya biashara. Haijaiwekea, na oda nyingi za aina hiyo zinaweza kupita.

Elewa kwanza muuzaji anaogopa nini. Marekani ina kanuni ziitwazo EAR, zinazosimamiwa na BIS, ofisi iliyo chini ya Wizara ya Biashara. Bidhaa iliyotajwa kwenye orodha ya udhibiti ina namba ya ECCN, kwa mfano 2B350. Isiyotajwa huitwa EAR99, na kwa kawaida hiyo huja Tanzania bila leseni, mradi mnunuzi hayumo kwenye orodha za waliozuiwa na kazi yenyewe haihusiani na silaha. Lakini kazi ya kumhakiki mteja ni ileile, kifaa kiwe cha dola 40 au cha dola 40,000. Kwa faida ya dola chache, mwenye duka anaona heri akatae. Basi mpunguzie kazi hiyo wewe.

Barua yangu ya kwanza haiulizi bei. Naomba ECCN, namba ya HS ya forodha na nchi ilikotengenezwa bidhaa. Watengenezaji wengi wakubwa huziweka kwenye tovuti zao, kwa hiyo naanzia huko, kisha namwonyesha muuzaji nilikoziona. Katika barua hiyohiyo naeleza spea inaingia mashine gani, kiwanda gani, inafanya kazi gani. Naambatanisha picha ya kibao cha mashine, cheti cha BRELA na TIN, na tamko lenye saini na mhuri kwamba haitapelekwa kwingine. Tamko hilo la matumizi ya mwisho wauzaji wengi hulidai baadaye, na oda hukaa wiki nzima ikilisubiri.

Kuna spea zinazoonekana za kawaida kumbe zinadhibitiwa. Vali ya kiwanda cha kemikali ambayo ndani yote imefunikwa tefloni, ikizidi kipimo cha milimita 10, inaangukia 2B350, kwa sababu vali kama hiyo inafaa pia kutengenezea silaha za kemikali. Kuileta kwenye nchi isiyo mwanachama wa Kundi la Australia, yaani nchi zinazoshirikiana kudhibiti bidhaa za aina hii, kunahitaji leseni, nasi si wanachama. Vali ya stenlesi 316 au ya plastiki ya polipropilini haimo humo. Kwa hiyo kabla ya kuhangaikia leseni, muulize mwenye kiwanda kama kemikali yake inazikubali hizo. Baadhi ya sensa za presha zenye usahihi mkubwa nazo zimo, chini ya 2B230, kwa kuwa zinatumika katika kurutubisha urani. Januari 2016 mahakama ya Boston ilimfunga raia wa China miaka 9 kwa kupeleka Iran sensa za aina hiyo zilizotengenezwa Marekani.

Ndiyo maana nawaomba sana wenzangu: msitumie anwani ya ndugu aliyeko Marekani kuficha kwamba mzigo unakuja huku. Mwongozo wa BIS unawataka wauzaji washtuke wakiona wakala wa usafirishaji ameandikwa kama mpokeaji wa mwisho, au mteja anakwepa kusema bidhaa ni ya nini. Kutumia ghala la wakala kule Delaware si kosa. Kosa ni kumwambia muuzaji kwamba mzigo unaishia hapo. Kukimbilia Dubai nako hakukuvushi, maana bidhaa ya Marekani hubaki chini ya EAR hata ikiuzwa tena kutoka nchi nyingine.

Oda ikizidi dola 2,500 kwa namba moja ya forodha, msafirishaji hulazimika kuitangaza kwa mtandao kwenye mamlaka za Marekani. Chini ya hapo, kama leseni haihitajiki, kwa kawaida halazimiki, nami hupanga manunuzi nikilijua hilo. Kwa Ujerumani, sheria ni Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2021/821 na mamlaka ni BAFA. Maswali ya kumuuliza muuzaji ni yaleyale.

Leseni ikilazimu, BIS haitozi ada ya maombi, lakini kwa kawaida mwombaji ni muuzaji wa Marekani, na kwa kipande kimoja wengi hawatakubali. Hapo mtafute msambazaji aliyeidhinishwa na mtengenezaji katika ukanda wetu, kwa kuwa yeye ana oda za kutosha kuifanya kazi hiyo iwe na faida. Kama una oda iliyokataliwa, mwandikie tena muuzaji wiki hii, umwombe ECCN kwanza.