Kipya Kinyemi: Paneli za Jua na Mapaa Yetu

Mtu ashukaye kutoka ukingo wa kreta ya Ngorongoro hata bonde la Ziwa Eyasi hupita nchi mbili katika siku moja. Huko juu, zaidi ya meta 2,200 juu ya bahari, asubuhi nyingi ni za ukungu na baridi. Hupita Karatu, penye hali ya wastani, akafika Mang'ola, karibu meta 1,000 tu, ambako jua huwaka vikali juu ya mashamba ya vitunguu. Lakini juu na chini ataona kitu kimoja kwenye mabati ya nyumba: paneli ya jua.

Kununua paneli si jambo dogo kwa jamaa ya mkulima au mfugaji. Fedha hiyo ingeweza kuwa ada ya mtoto. Pengine ni mbuzi waliouzwa, au magunia ya vitunguu. Nazo habari zatufikia kwamba zimepatikana paneli za namna mpya, zenye nguvu kupita zote. Wengine husema, "Tungoje hizo mpya." Wengine hutoa fedha yao kwa sababu tu muuzaji amesema kitu chake ni kipya. Wazee walisema kwamba kipya kinyemi, ingawa kidonda. Basi twaona yafaa leo tujifunze pamoja paneli hizi zimetengenezwa kwa kitu gani.

Zile tulizozizoea ni za silikoni, kitu kinachotolewa katika mawe na mchanga safi kwa moto mkali sana. Mwanga ukiipiga silikoni, husukuma chembe ndogo mno ziitwazo elektroni. Zikipita katika waya, twapata umeme. Mwaka 1954 wataalamu wa Bell Laboratories huko Marekani walionyesha chombo cha silikoni kilichogeuza kuwa umeme mafungu 6 hivi katika kila mafungu 100 ya nguvu za jua. Leo paneli nzuri ya dukani hugeuza mafungu 20 hata 23. Hatua hiyo imechukua miaka 70 ya kujaribu na kusahihisha.

Kitu kipya kinachosifiwa sana sasa huitwa perovskaiti. Hiki chaweza kupakwa juu ya kioo kama rangi, kwa utando mwembamba kuliko unywele, wala hakihitaji moto mkali kama wa silikoni. Mwaka 2009 Tsutomu Miyasaka na wenzake huko Japani walikitumia kwa mara ya kwanza kupata umeme wa jua, wakapata mafungu 3.8 tu katika 100. Baadaye wataalamu wakakiweka juu ya silikoni, ili kila kimoja kishike sehemu yake ya mwanga. Mwaka 2024 kampuni ya LONGi ya China ilitangaza kwamba kipande kidogo cha namna hiyo kimefika mafungu 34.6. Kweli, hayo ni maendeleo makubwa.

Lakini tusikilize na upande wa pili. Perovskaiti huharibiwa na unyevu, huchoshwa na joto, na hata mwanga wenyewe huidhoofisha ukiipiga muda mrefu. Tena zile zilizo bora zina madini ya risasi ndani yake, ambayo ni sumu. Paneli nzuri ya silikoni huuzwa kwa dhamana ya miaka 25. Perovskaiti haijaishi juu ya mapaa ya watu muda wa kutosha kutuonyesha hayo. Nasi tuna ukungu huko juu na joto huko chini: maadui zake wote wawili ni jirani zetu.

Hata namba iliyoandikwa nyuma ya paneli ya silikoni yataka kufahamiwa. Namba hiyo hupimwa paneli ikiwa na joto la digrii 25. Kila digrii ikizidi, nguvu hupungua kwa asilimia 0.3 hadi 0.4. Paneli ya wati 100 ikipata joto la digrii 65 mchana wa Eyasi, hupotewa na wati 12 hadi 16. Kwa hiyo aifungaye aache nafasi ya upepo kati yake na bati, wala asisahau kuipangusa vumbi.

Karatu yenyewe ina mfano mwema wa jambo hili. Dokta Askwar Hilonga, mzaliwa wa kijiji cha Gongali, alisomea elimu ya vitu vidogo mno, akafundisha katika Taasisi ya Nelson Mandela huko Arusha. Alitengeneza chujio la maji lenye mchanga pamoja na vitu hivyo vipya, na mwaka 2015 akapata tuzo ya kwanza ya uhandisi ya Afrika, itolewayo na Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Chujio lake hutengenezwa kulingana na uchafu uliomo katika maji ya mahali penyewe. Hakuuliza tu kama kitu ni kipya. Aliuliza kama chafaa kwa maji ya hapa.

Nasi tuulize vivyo hivyo. Baba na mama wanaohitaji taa leo wasingoje ya kesho, mtoto akisoma kwa moshi wa kibatari. Wanunue silikoni iliyokwisha kujaribiwa, kwa mtu mwenye duka linalojulikana, naye awape dhamana kwa maandishi. Akija mtu na paneli ya ajabu, wamwulize: imetengenezwa kwa kitu gani? Imekaa miaka mingapi juu ya paa, na paa la nchi gani? Asiyeweza kujibu asipewe fedha ya ada.

Tena, mtoto apendaye hesabu na sayansi asikatazwe, awe wa kiume au wa kike. Perovskaiti itahitaji kujaribiwa katika ukungu wa Ngorongoro na joto la Eyasi. Nani afaaye kuijaribu kuliko aliyezaliwa huko?