Unauza nyavu na jaketi za ziwani kwa simu? Jua kipimo kabla hujapokea hela

Somo la leo ni la wanaouza, au wanaotaka kuanza kuuza, vifaa vya uvuvi kwa simu: nyavu, kamba, jaketi za kuokolea, taa za dagaa. Ni refu kidogo, vumilia. Hata kama wewe unauza vitenge na sufuria, soma tu, mambo ya vipimo yanatuhusu wote.

Mimi niko Nyamiaga, Ngara. Huku ni milima, migomba na maharage. Maji tuliyonayo ni mto Ruvubu na mto Kagera. Ziwa Victoria ukilitaka unapita Lusahunga, Biharamulo, ndo uteremke Chato au Muleba. Sasa kuna mtu atauliza, wewe wa milimani unauzaje nyavu? Ni hivi: mvuvi aliyepo kisiwani Goziba au Bumbire akitaka kamba, kufika mjini ni boti, ni nauli, na ni usiku mmoja hajavua. Ila simu anayo. Anamtafuta mtu anayejibu haraka na anayetuma mzigo sahihi. Wanaojibu haraka wako wengi. Hapo kwenye "sahihi" ndo wengi wanapoangukia.

Nguo ikija kubwa, mteja anapeleka kwa fundi inapunguzwa. Wavu ukija na macho yasiyo yenyewe haupunguzwi. Aidha haushiki samaki, aidha unamshika yeye mwenyewe kwa sheria.

Tuanze na wavu. Mteja akiandika "mdogo wangu, wavu wa sita upo?", muuzaji asiyejua anajibu "upo boss, tuma hela". Anayejua anajibu, "Upo kaka. Ni sita ya jicho likivutwa. Unataka uzi wa plai ngapi, na kina cha macho mangapi?" Mteja akisoma hivyo anajua kabisa anaongea na mtu anayeifahamu kazi, na mara nyingi haendi tena kuuliza duka la pili.

Jicho la wavu linapimwa kwa namna mbili, na hapa ndipo hela za watu zinapopotelea. Namna ya kwanza, unashika fundo mbili zinazotazamana, unavuta mpaka jicho linafunga na nyuzi zinakutana, halafu unapima kwa rula toka fundo hadi fundo. Hicho ndicho kipimo cha mvuvi wa ziwani na ndicho anachotumia afisa uvuvi. Namna ya pili, unapima upande mmoja tu wa jicho. Upande mmoja ni nusu ya jicho likivutwa. Sasa baadhi ya wauzaji wa China kwenye kurasa zao wanaandika kipimo cha upande, wengine wanaandika cha kuvuta, na wengine wameweka namba tu bila maelezo yoyote.

Piga hesabu. Inchi 1 ni milimita 25.4. Wavu wa inchi 6 likivutwa ni kama milimita 152, na upande wake ni milimita 76. Ukiagiza "inchi 6" kwa muuzaji anayepima upande, utaletewa wavu wa inchi 12, samaki wanapita humo kama wanaingia sokoni. Na ukiona "6" ukaichukulia ni inchi kumbe ni sentimita, utaletewa wavu ambao jicho lake halifiki hata inchi 2 na nusu. Huo mteja wako akikamatwa nao hana pa kujitetea. Kwa hiyo kabla hujalipa mzigo, muulize muuzaji swali moja: kipimo hiki ni cha jicho likivutwa au cha upande? Mwombe picha ya jicho limevutwa juu ya rula. Asipotuma, achana naye.

Halafu kuna uzi. Kwenye lebo utaona maandishi kama 210D/6, 210D/9, 210D/12. Namba ya mwisho ni idadi ya nyuzi zilizosokotwa pamoja, wavuvi wanaita plai. Ikipanda, uzi unakuwa mnene na mgumu zaidi. Usimchagulie mteja plai, muulize. Mwenye wavu wa sato na mwenye wavu wa sangara hawatafuti kitu kimoja.

Kuna nyavu usiziweke hata kwenye status, zinaitwa timba. Hizi uzi wake haujasokotwa, ni uzi mmoja mwangavu kama wa mshipi wa ndoano. Ni rahisi, zinashika kweli, na ukiziposti utaulizwa bei na watu wengi siku hiyohiyo. Zimekatazwa, na kokoro nalo hivyohivyo. Uvuvi unaendeshwa kwa Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya mwaka 2003 na Kanuni za mwaka 2009, na msako haumwangalii aliyeko majini peke yake, unafika mpaka kwenye duka na stoo. Walioishi kando ya ziwa mwaka 2018 wanaikumbuka Operesheni Sangara. Nyavu zilikusanywa, zikarundikwa, zikachomwa moto watu wakiangalia. Sasa wewe posti yako ina picha, ina jina, ina namba ya simu na namba ya kulipia. Umejiandikia ushahidi mwenyewe.

Vipimo vya macho vinavyoruhusiwa vimewahi kurekebishwa zaidi ya mara moja, hivyo usitegemee ulichosikia kwa muuzaji mwenzio. Nenda kwa afisa uvuvi wa wilaya, au mpigie kiongozi wa BMU wa mwalo unakopeleka mzigo. Uliza mambo mawili: macho yanayoruhusiwa sasa hivi, na kibali gani kinatakiwa kwa muuza nyavu. Ni kazi ya asubuhi moja. Sababu ya macho nayo ijue, maana mteja atakubishia. Sangara chini ya sentimita 50 na sato chini ya sentimita 25 hawaruhusiwi, na jicho dogo ndilo linalowabeba hao watoto kabla hawajazaa.

Sasa jaketi za kuokolea, wengine wanaita maboya. Hapa naomba usome taratibu.

Kanda yetu inajua maji yanafanya nini. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996. MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, wakafa zaidi ya watu 200, na nchi kavu ilikuwa inaonekana. Hizo ni meli na kivuko, zilitangazwa. Mitumbwi ya watu wanne watano inayopinduka usiku mara nyingi haifiki redioni.

Lakini ukifungua kurasa zetu za biashara unakuta jaketi imeandikwa "Kali sana, rangi zote zipo, 25,000 tu". Rangi! Mtu anayeanguka majini saa nane usiku rangi ya maua inamsaidia nini?

Kinachotakiwa kuandikwa kwenye posti ni newton, yaani nguvu ya jaketi kumwinua mtu. Iko kwenye lebo ya ndani. Ya 50 ni ya mtu anayejua kuogelea na aliye karibu na msaada, haikuundwa kumgeuza aliyezimia uso uangalie juu. Ya 100 ni ya maji yaliyotulia, hata asiyejua kuogelea anavaa. Ya 150 ni ya maji makubwa. Mvuvi wa dagaa yuko mbali na nchi kavu, usiku, na wenzake wamevaa makoti mazito. Huyo usimuuzie ya 50 ukanyamaza kwa sababu ndiyo uliyobaki nayo stoo. Mwambie ni ya 50, mweleze maana yake, aamue yeye. Angalia pia uzito wa mvaaji kwenye lebo, maana ya mtoto na ya mtu mzima ni vitu tofauti, halafu filimbi na utepe unaong'aa ukimulikwa tochi.

Lebo zinaweza kudanganya, kwa hiyo kila mzigo mpya jaribu jaketi moja. Newton 10 ni karibu sawa na kubeba kilo 1. Chukua pipa la maji, funga chuma cha kilo 5 kwenye jaketi ya 50, au cha kilo 10 kwenye ya 100. Ikizama, rudisha mzigo wote. Ikielea, iache humo ndani usiku kucha imekandamizwa na jiwe, asubuhi iache ichuruzike maji halafu ipime tena na chuma kilekile. Kuna zilizojazwa sponji la godoro, jioni zinaelea vizuri, asubuhi zimekunywa maji zimekuwa mzigo. Jirekodi video ukifanya jaribio hilo. Hiyo video inauza kuliko tangazo lolote la kulipia, na umetumia pipa tu.

Taa za dagaa nazigusia kidogo. Usiandike "inakaa usiku mzima" bila kuiwasha mwenyewe ukahesabu saa. Iwashe saa 1 jioni, andika ilipozimika.

Ila hao hao wa dagaa wana kitu kizuri kwa muuzaji, nacho ni mwezi. Dagaa wanafuata taa, na mbalamwezi ikiwa kali taa haina nguvu, kwa hiyo zile siku za mwezi mpevu wengi wanapumzika. Wako mwaloni wanashona nyavu, wanarekebisha mitumbwi, na mara nyingi ndipo hesabu za kambi zinapofanywa. Simu ziko mkononi. Kamba, nyuzi za kushonea, maboya ya wavu, posti siku hizo. Taa na betri posti kabla giza halijarudi, ili mzigo uwafike mapema. Kalenda yenye mwezi ipo bure kwenye simu.

Mwisho ni kusafirisha. Mizigo ya Mwanza siku hizi inafika mapema tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe 2025, hakuna tena kusubiri kivuko. Toka hapo mpaka kisiwani ni basi na boti, mikono mitatu au minne. Juu ya mfuko andika kwa kalamu isiyofutika jina la mwalo, namba ya mpokeaji, na kipimo: "wavu inchi 6 likivutwa, plai 9, macho 26". Piga picha kabla ya kumpa konda, mtumie mteja akubali kwa maandishi kuwa ndicho alichoagiza. Asipokubali, mzigo usiondoke.

Ukiwa na wavu hujui kipimo chake, vuta jicho juu ya rula, piga picha, tuma hapa tuangalie pamoja.