Somo: Kugawa Diski Bila Kupoteza Kumbukumbu za Parokia



Kompyuta kuukuu si lazima itupwe. Haiku ni programu endeshi nyepesi, ya bure, iliyoanzishwa na watu wa kujitolea mwaka 2001. Toleo lake la 5 la majaribio lilitoka Septemba 2024. Kwa kuwa ni la majaribio, tunashauri litumike kuwafundishia vijana, si kutunzia kumbukumbu.

Kabla ya kugusa diski, nakilini kwanza madaftari ya ubatizo, ndoa na hesabu. Zifungueni nakala hizo kwenye kompyuta nyingine. Nakala isiyojaribiwa si ya kuitegemea.

Kisha fuateni hatua hizi:

1. Tengeni nafasi tupu kwenye diski kwa programu kama GParted, kwa sababu DriveSetup ya Haiku haipunguzi sehemu iliyopo.
2. Washeni kompyuta kwa flashi yenye Haiku, mfungue DriveSetup. Andikeni kwenye karatasi ukubwa wa kila sehemu.
3. Kwenye nafasi tupu tu, tengenezeni sehemu mpya na kuiandaa kwa Be File System.
4. Rudini kwenye Installer, mchague sehemu hiyo, mwanze.
5. Kwenye kompyuta ya zamani, malizieni kwa kuweka menyu ya kuwashia, ili muweze kuchagua programu mnayotaka.

Kuandaa sehemu hufuta vyote vilivyomo. Basi watu wawili wasome pamoja ukubwa ulioandikwa kabla ya kubonyeza. Kompyuta hununuliwa tena. Daftari la ubatizo haliuzwi dukani.