Kijana na klabu ya shabaha: Mzazi aulize nini kabla ya kukubali?

Wiki chache zilizopita mama mmoja wa mtaani kwetu alinisimamisha njiani, uso umemsawijika. Mwanawe anasoma chuo huko Marekani, na alikuwa amempigia simu kumweleza kwamba wenzake wamemwalika kwenye klabu ya kulenga shabaha kwa bunduki. "Mwanangu, huyu si anajitafutia balaa?" aliniuliza.

Nilimjibu: "Mama, mchezo wenyewe si balaa. Lakini lipo jambo moja katika habari hiyo ambalo ni balaa kweli, na nadhani yeye halijui." Kwa kuwa wazazi wenye vijana ng'ambo ni wengi, naona si vibaya jibu lile likawafikia na wengine.

Mchezo ni upi?

Wengi wetu bunduki tumezijua kwa sinema na taarifa za vita. Mchezo huu ni kitu kingine kabisa. Mshindani hupewa muda mfupi, mara nyingi dakika moja na nusu au mbili, apige vibao vya chuma vilivyowekwa umbali mbalimbali. Halali chini na kutulia tu: hutakiwa kuegemeza bunduki juu ya ukuta wa mbao, ngazi, tairi au jiwe. Kila kibao kikilia, pointi moja. Huko Marekani mashindano haya yalipata mfumo rasmi wa ligi mwaka 2012, na shabaha nyingine huwa mbali kupita yadi 1,000.

Umbali huo hauendewi kwa nguvu bali kwa hesabu. Risasi huanguka kadiri inavyokwenda, na upepo huisukuma kando. Kwa hiyo darubini ya bunduki imegawanywa kwa kipimo kiitwacho mili. Mili moja ni sentimita 10 katika umbali wa mita 100, na ni mita nzima katika mita 1,000. Risasi ikipiga sentimita 30 chini ya shabaha iliyo mita 300, basi kosa ni mili moja, na mpigaji huongeza mili moja. Mwenye pupa hafiki popote hapa. Anayefaulu ni yule anayeandika kila alichofanya katika daftari lake, akajua kosa lake lilitoka wapi.

Kwa nini klabu?

Hebu tujiulize: kwa nini asinunue bunduki akajifunze mwenyewe porini? Jibu ni usalama. Klabuni kuna mwamuzi kwenye kila kituo, na hakuna anayegusa silaha bila amri yake. Kati ya kituo na kituo bunduki huwa tupu, chemba yake imewekwa kibendera cha plastiki ili kila mtu aone kwamba haina risasi. Mtutu hauelekezwi kwa mtu hata kwa bahati mbaya, na kidole hakigusi kifyatulio mpaka shabaha ilengwe. Anayevunja kanuni hizi huweza kutolewa siku ileile, hata awe bingwa.

Mgeni mwenye busara hupita ngazi tatu. Kwanza, huenda kutazama tu, akiwa na miwani na vizibo vya masikio. Pili, hujitolea kusaidia, kama vile kuandika pointi, na hapo hujifunza mengi bila kutumia fedha. Tatu, huanza na bunduki ndogo ya kaliba 22. Tangu mwaka 2017 kuna ligi ya bunduki hizo ambamo klabu mbalimbali hufanya mazoezi yaleyale kila mwezi, na shabaha zake za kawaida hazizidi yadi 100. Risasi zake ni nafuu. Katika mashindano makubwa ya siku mbili mtu mmoja huweza kutumia risasi zaidi ya 150 za bei kubwa. Asikimbilie kununua. Aulize kwanza, kwani wanaklabu wengi huwaazima wageni vifaa. Na akimaliza anawe mikono kabla ya kula, maana risasi huacha vumbi la madini yenye sumu.

Balaa lenyewe

Sasa tufike kwenye lile nililomwambia mama. Sheria ya Marekani inamkataza mtu aliyeingia kwa viza ya muda, akiwemo mwanafunzi, kumiliki au hata kushika bunduki na risasi. Kuazimwa na rafiki uwanjani hakumwokoi. Ipo misamaha michache, kama mtu kuwa na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa hukohuko. Asiye na hati za kuishi nchini amekatazwa pia. Mwenye ukaazi wa kudumu hayumo katika katazo hili, ila majimbo yana sheria zake za ziada.

Adhabu si ya mzaha. Tangu mwaka 2022 kosa hili huweza kufikisha kifungo cha miaka 15, na baada yake kurudishwa nyumbani. Miaka ya ada na jasho la wazazi hupotea kwa picha moja ya tabasamu na bunduki mkononi.

Kwa hiyo mzazi asiulize tu, "Mchezo huo ni hatari?" Aulize, "Mwanangu, viza yako inaruhusu? Umemuuliza mwanasheria wa uhamiaji?" Mpaka jibu lipatikane, kijana atazame bila kugusa chochote.

Mama alipiga simu usiku ule. Kijana alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mama, hakuna aliyeniuliza habari ya viza." Jumamosi ile alikwenda klabuni, akaandika pointi za wenzake, akarudi.